Fimbo ya Kuvulia Ufukweni: Jinsi ya Kupata Urefu Unaolingana na Mahali Unaposimama

Ujumbe unaonifikia mara nyingi kuliko wote huanza hivi: "Kaka, nimenunua fimbo ndefu kabisa iliyokuwepo dukani, mbona jirani yangu anapata na mimi sipati?" Nikiuliza anavulia wapi, naambiwa ukutani, au kwenye mikoko, au ndani ya mwamba wa matumbawe, kwenye maji tulivu yasiyopita kiuno. Nikiuliza anarusha risasi (ule uzito wa kuzamishia chambo) ya gramu ngapi, jibu ni "ile ya kawaida tu." Basi tatizo limeshajieleza lenyewe.

Mwongozo huu ni wa anayevua akiwa nchi kavu: ufukweni, ukutani, juu ya jabali au ukingoni mwa ziwa. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam na pwani za jirani, maana huko ndiko ninakolowa. Fimbo wengine huiita rodi, haina shida. Kwa ufupi, urefu wake unatokana na vipimo vitatu: samaki wako umbali gani, nafasi ya kurushia ikoje, na mikono yako inabeba nini. Dukani ni safari ya mwisho, na wengi wetu tulianzia huko.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ufito au mwanzi mkavu wa mita 3.6, uliotiwa alama za rangi kwenye mita 2.1, 2.7 na 3.0. Huu ndio fimbo yako ya majaribio, na ni bure.
- Tepu ya fundi ya mita 5.
- Jedwali la maji la eneo lako, au kalenda inayoonyesha mwezi.
- Risasi za uzito tofauti: gramu 30, 60, 100 na 150. Wengine huziita chubwi. Plagi kuukuu za gari zinafaa pia, mradi uzipime.
- Mizani ndogo ya jikoni. Kama huna, muuza duka wa mtaani atakupimia.
- Viatu vigumu vya kuingia navyo majini. Kandambili hapana.
- Daftari, au simu ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Na kama utatumia fimbo zenye maandishi ya Kiingereza, kumbuka futi moja ni sentimita 30 na nusu hivi. Futi 7 ni mita 2.1, futi 9 ni mita 2.7, futi 10 ni mita 3, futi 12 ni mita 3.6 na ushee, futi 13 ni kama mita 3.9.

## Hatua ya 1: Nenda ufukweni maji yakiwa yamekupwa, na fimbo uiache nyumbani

Chagua siku za bamvua, yaani siku mbili tatu baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Wakati huo tofauti kati ya maji kujaa na maji kukupwa kwenye pwani yetu hupita mita 3, na bahari hukufunulia sakafu yake yote. Siku za maji mafu, ambapo bahari haikupwi sana, hutaona kitu.

Fika saa moja kabla ya maji kukupwa kabisa. Tafuta mstari wa mwani mkavu uliotupwa na maji ya juu, maana hapo ndipo utakaposimama bahari ikijaa. Kutoka hapo tembea kuelekea baharini huku ukihesabu hatua. Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75, kwa hiyo hatua 40 ni mita 30.

Unatafuta nini? Mahali ambapo samaki wana sababu ya kupita. Mfereji unaokwenda sambamba na ufukwe, hata ukiwa wa kina cha magoti tu. Ukingo wa majani ya bahari unapokutana na mchanga mtupu. Jiwe lililo peke yake. Mchanga uliochimbwachimbwa vishimo kama sahani, alama kwamba samaki aina ya taa walikuwa hapo wakitafuta chakula. Kila ukikuta kimojawapo, andika idadi ya hatua.

Kwenye ufukwe mmoja wa Kigamboni ninaoupenda (jina lake nabaki nalo, mnisamehe), mfereji mzuri uko hatua 45 kutoka mstari wa mwani. Hiyo ni mita 34. Maji yakiwa nusu nasogea mbele hatua 20, na mfereji unabaki mita 19 tu kutoka kwangu. Umbali huo fimbo ya mita 2.4 inaufikia bila jasho.

Somo hili sikulipata kwa akili zangu. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikirusha mbali kadiri ya nguvu, nikisikia raha risasi inapotua kule kwenye maji meusi. Jioni moja akaja mzee na mshipi alioufungia kwenye chupa ya plastiki. Akasimama kama hatua kumi kutoka kwangu, akazungusha kirisasi chake mara mbili, akakitupa mita 15 hivi. Alipotoa samaki wa tatu, aina ya changu, nikasogea.

"Shikamoo mzee. Unatumia chambo gani?"

"Marahaba. Ngisi, kama wewe." Akaitazama fimbo yangu kuanzia mpini hadi ncha. "Hao unaowaruka, mwanangu, ndio ninaowavua mimi."

Kwa nini hatua hii ni ya kwanza: bila umbali, urefu wa fimbo ni kubahatisha. Samaki wengi wa ufukweni, changu, tasi, chaa, hata kolekole anapofukuza vidagaa, huja karibu sana maji yanapojaa, kwa sababu maji mapya yanafunika chakula kilichokuwa wazi.

Tahadhari: bahari hairudi kwa mstari ulionyooka. Hujaza mifereji kwanza, na mtu aliyesimama kwenye fungu la mchanga anaweza kujikuta amezungukwa nyuma wakati mbele yake pangali pakavu. Maji yakianza kugeuka, nawe geuka.

Umefanikiwa ukiwa na: mambo matatu daftarini. Umbali wa samaki maji yakiwa juu, umbali maji yakiwa nusu, na aina ya sakafu (mchanga, majani au matumbawe).

## Hatua ya 2: Pima hewa iliyo nyuma na juu yako

Rudi mahali utakaposimama, ushike ule ufito wa mita 3.6 kwa mikono miwili, uuzungushe polepole kama unarusha: nyuma, juu ya bega, mbele. Kuna jambo wanaoanza husahau: risasi huning'inia mita 1 hadi 1.5 chini ya ncha kabla ya kurusha. Fimbo ya mita 3.6 inahitaji karibu mita 6 za uwazi nyuma yako. Kwenye ufukwe wenye minazi, madau yaliyopandishwa na vibanda vya makuti, nafasi hiyo hupatikana kwa nadra.

Ukigonga kitu, shika ufito kwenye alama ya chini yake, ujaribu tena. Endelea kushuka mpaka uzungushe mara kumi mfululizo bila kugusa chochote.

Fikiria na watu. Ufukwe ulio mtupu Jumanne asubuhi siyo ule wa Jumapili jioni. Pale ufukwe wa Coco, Dar, Jumapili, nyuma yako kuna watoto, mihogo, na mpira. Risasi ya gramu 150 ikimpata mtu kichwani, hiyo siyo ajali ndogo.

Tahadhari kubwa kuliko zote katika mwongozo huu: fimbo za kaboni hupitisha umeme. Kama kuna waya wa umeme juu ya njia unayopita au unaposimama, usirushe hapo, na usitembee ukiwa umeisimamisha fimbo. Radi zikianza, ilaze chini uondoke.

Umefanikiwa ukiwa na: urefu wa juu kabisa ambao mahali pako panauruhusu. Huo ni ukomo. Hata samaki wakiwa mbali, ukomo huo hauvukwi. Badala yake utahama mahali.

## Hatua ya 3: Linganisha mahali na urefu

Sasa una umbali na una ukomo. Angalia mahali pako panafanana na papi.

### Ukutani na gatini: mita 1.8 hadi 2.1

Hapa maji ya kina yako chini ya miguu yako, na samaki wanashinda ukutani wakila vilivyoota kwenye mawe. Chambo kinashushwa, hakirushwi. Fimbo fupi inakupa udhibiti, na samaki akishika unamwinua bila fimbo kugeuka nyenzo inayofanya kazi dhidi yako. Fimbo ni nyenzo, na wewe uko upande wa mpini: kadiri ilivyo ndefu, ndivyo samaki wa kilo moja anavyokuwa mzito mikononi.

Hakikisha tu ukuta wenyewe unaruhusiwa. Maeneo ya bandari na karibu na kambi siyo ya kuvulia.

### Mikoko na vijito vya bahari: mita 1.8 hadi 2.1

Matawi ndiyo yanayoamua. Urushaji ni wa chini, wa kiganja, na samaki anapokimbilia kwenye mizizi unahitaji fimbo fupi ngumu ya kumgeuza papo hapo. Sina zaidi ya kusema hapa. Aliyejaribu mita 3 ndani ya mikoko anajua.

### Ufukwe mtulivu ndani ya mwamba: mita 2.4 hadi 3.0

Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya na Tanzania ina mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi mbali na ufukwe, na kati yake ni maji tulivu. Wengi wanaonitumia ujumbe wanavulia hapa, na hapa ndipo mita 3.6 inaponunuliwa bila faida. Mawimbi hayapo, samaki wako mita 15 hadi 50, risasi ya gramu 30 hadi 60 inatosha. Mita 2.7 ndiyo ningemwambia mdogo wangu anunue akiwa na hela ya fimbo moja tu.

### Ufukwe wazi wenye mawimbi: mita 3.3 hadi 3.9

Penye mlango wa mwamba, au ufukwe unaotazamana na bahari kuu bila kizuizi, mambo yanabadilika, hasa miezi ya kusi, upepo wa kutoka kusini. Hapa urefu una kazi mbili.

Ya kwanza ni kurusha. Ncha ya fimbo ndefu husafiri njia ndefu zaidi kwa muda uleule, kwa hiyo hukimbia zaidi, na risasi huondoka kwa kasi zaidi. Sharti ni kwamba una nguvu za kuizungusha hivyo. Usipokuwa nazo, faida yote inapotea.

Ya pili ndiyo wengi hawaijui, nayo kwangu ni kubwa zaidi: kuubeba uzi juu ya mawimbi. Fanya hesabu. Fimbo ya mita 2.4 ikisimamishwa kwenye bomba mchangani, imeinama kidogo, ncha yake iko kama mita 2.5 juu. Ya mita 3.9 iko karibu mita 4. Risasi ikiwa mita 50 mbele, pale mita 15 wimbi linapovunjika uzi wa fimbo fupi utakuwa mita 1.8 juu, na wa fimbo ndefu mita 2.8. Ondoa kulegea kwa uzi, ondoa mteremko wa ufukwe, ongeza povu na mwani unaoelea: ule wa chini unapigwa na kila wimbi, risasi inaburutwa, chambo kinarudi ufukweni baada ya dakika tano. Ule wa juu unakaa.

Kwa hiyo kwenye mawimbi, hata kama samaki wako mita 40 tu, chukua ndefu.

### Juu ya jabali la matumbawe: mita 2.7 hadi 3.3

Watu hudhani jabalini ni kama ukutani. Siyo. Jabali letu la pwani huliwa na maji kwa chini, kiasi kwamba ukingo wa juu unatokeza kama mdomo, na ukingo huo ni mkali kama tupa. Fimbo fupi inauacha uzi ukisugua pale pale unapomwinua samaki, nawe unabaki na uzi uliokatika na hadithi. Lala kifudifudi maji yakiwa yamekupwa, mtu akikushika miguu, uchungulie mdomo huo umetokeza kiasi gani. Ukizidi nusu mita, usishuke chini ya mita 3.

Tahadhari: kusi ikivuma, mawimbi makubwa huja kwa mafungu baada ya utulivu. Tazama jabali kwa nusu saa kabla ya kupanda. Ukiona sehemu imelowa na hujaona maji yakifika, jua yatarudi.

### Ukingoni mwa ziwa: mita 2.1 hadi 3.0

Ziwa Victoria penye mawe na maji wazi, mita 2.1 hadi 2.4 inamtosha sato, na hata sangara wa kurushiwa chambo cha bandia. Penye mafunjo au magugu maji mbele yako, panda hadi mita 3 ili umvushe samaki juu ya majani. Watoto wa huko wanaovua kwa mwanzi mtupu bila rili (kifaa cha kukunjia uzi) walishalimaliza suala hili zamani: mwanzi unalingana na upana wa majani, na uzi unalingana na mwanzi. Kabla ya kusimama, waulize wenyeji habari za mamba na kiboko. Waulize wao, usitegemee macho yako.

Umefanikiwa ukiwa na: urefu mmoja ulioandikwa, au tofauti isiyozidi sentimita 30 kati ya chaguo lako la juu na la chini.

## Hatua ya 4: Tafuta uzito kabla ya urefu kuwa wa mwisho

Fimbo hurusha kwa kupinda na kufyatuka, na kinachoipinda ni risasi. Fimbo ya mita 3.6 iliyotengenezwa kwa gramu 100 hadi 200, ukiifungia risasi ya gramu 30, inabaki gongo. Haipindi, haifyatuki, na risasi inaanguka mita 25. Nimeona mtu akishindwa na mtoto mwenye fimbo ya mita 2.1 kwa sababu hii hii.

Karibu na mpini pameandikwa uzito inaobeba, mara nyingi kwa gramu, baadhi kwa aunsi. Aunsi moja ni gramu 28, kwa hiyo "4–8 oz" ni takriban gramu 113 hadi 227.

Fanya hivi. Anza na risasi inayohitajika mahali pako: maji tulivu gramu 30 hadi 60, mkondo wa wastani gramu 80 hadi 100, mawimbi na mkondo mkali gramu 120 hadi 170. Ongeza uzito wa chambo, maana kipande cha ngisi au nusu ya kibua hakikosi gramu 20. Jumla hiyo iwe kama robo tatu ya uzito wa juu ulioandikwa kwenye fimbo. Risasi ya gramu 130 na chambo cha gramu 20 ni 150, basi fimbo ya 100 hadi 200 imefaa.

Kama hesabu ya uzito inakataa urefu uliouchagua, sikiliza uzito.

Tahadhari: ukirusha gramu 100 au zaidi, mbele ya uzi wako mwembamba funga kipande cha uzi mnene wa kubeba mshindo. Bila hicho, uzi hukatika katikati ya kurusha na risasi inaruka bila mwenyewe. Kanuni ya kawaida ni ratili (lb) 10 za nguvu kwa kila gramu 28, kwa hiyo gramu 150 zinataka uzi wa ratili 55 au 60. Urefu wake: mara mbili ya fimbo, pamoja na mizunguko mitano au sita kwenye rili. Fimbo ya mita 3.6 inataka kama mita 8 au 9.

## Hatua ya 5: Pima mwili wako

Chukua ufito wako, ushike kama unasubiri samaki, usimame dakika 20. Mikono ikitetemeka, punguza sentimita 30. Utasema utaisimamisha kwenye bomba, na ni kweli, lakini kurusha mara 40 kwa siku hakufanywi na bomba.

Kipimo cha pili kinafanywa dukani: weka kitako cha fimbo kwapani, nyoosha mkono sambamba na mpini. Kiganja kifike pale rili inapokaa. Kikipita, mpini ni mfupi na mkono wako wa chini hautapata nguvu ya kuvuta. Kisipofika, utarusha ukiwa umejinyoosha kama unatundika pazia. Mtu mfupi mwenye fimbo ya mita 3.3 inayomkaa vizuri humshinda aliyeazima ya mita 3.9.

## Hatua ya 6: Dukani

Ingia na daftari. Useme urefu, uzito, na mahali. Muuzaji akikuambia "hii ndefu ndiyo wanayochukua wengi," mshukuru.

Aina ya maungio. Madukani zimejaa zile zinazovutwa kama antena ya redio. Zinabebeka kwenye daladala, hilo silikatai. Lakini ungio lake ni mkazo tu, na mchanga au chumvi ikiingia, ama linang'ang'ania ama linaachia. Yangu ya kwanza ilikuwa hiyo, ya mita 4.5, ncha nyembamba kama njiti. Mrusho wa nne, risasi ikaenda, na vipande viwili vya ncha vikaifuata kwenye uzi kama mabehewa. Watu walicheka, nami nikacheka baadaye sana. Ukipata ya vipande viwili au vitatu vinavyochomekwa, chukua hiyo.

Pete. Pitisha pamba ndani ya kila pete. Ikinasa, kuna ufa, na ufa huo utakula uzi. Tazama kwa jicho moja kutoka kwenye mpini hadi kwenye ncha: pete zote ziwe kwenye mstari. Fimbo ya mita 3.6 yenye pete nne tu iache, maana ikipinda uzi utagusa mwili wa fimbo.

Mpindo. Mwombe mwenye duka ruhusa, pitisha uzi kwenye pete, ufungie chupa ya maji ya nusu lita, uinue polepole. Unataka upinde laini, kama mnazi unaoegemea upepo. Ukiona kiwiko kwenye ungio, rudisha.

Rili. Fimbo za hadi mita 2.7 zinachukua rili ya ukubwa wa namba 2500 hadi 4000, na za mita 3.3 kwenda juu namba 5000 hadi 8000. Iliyo ndogo kwenye fimbo kubwa haina uzi wa kutosha. Kubwa kwenye fimbo ndogo inachosha mkono.

Umefanikiwa: fimbo ikiwa na rili yake inasimama mkononi bila ncha kukuvuta kwenda chini.

## Hatua ya 7: Jaribu, hesabu, rekebisha

Siku ya kwanza usiende kuvua. Nenda maji yakiwa yamekupwa, kwenye mchanga mkavu usio na watu, na risasi bila ndoano. Rusha mara kumi kwa nguvu ya wastani, kisha tembea uhesabu hatua hadi kwenye kila alama ya risasi mchangani.

Tupa namba mbili za juu na mbili za chini. Wastani wa sita zilizobaki ndio umbali wako wa kweli. Siku ya chambo punguza zaidi, kama robo, kwa sababu chambo hushika upepo. Linganisha na umbali uliouandika Hatua ya 1.

Ukikuta haifiki, usikimbilie kununua ndefu zaidi. Angalia haya kwa mpangilio:

1. Rili haijajaa uzi. Uzi uwe milimita 2 hivi chini ya ukingo. Ukiwa chini zaidi unasugua ukingo kila unapotoka. Hili ni kosa namba moja.
2. Uzi ni mnene mno. Nailoni ya milimita 0.50 haitaenda. Kwenye mchanga shuka hadi 0.30 au 0.35, na ule uzi mnene wa mbele uwepo.
3. Risasi nyepesi. Panda gramu 20, urushe tena mara tano.
4. Risasi inapaa juu na kuanguka karibu. Unaachia uzi mapema. Ikipiga mchanga mbele yako, unachelewa.
5. Fimbo imekuzidi. Azima kwa mwenzako iliyo fupi kwa sentimita 30, ulinganishe. Ukirusha mbali zaidi na ile fupi, jibu umelipata, na si aibu.

Umefanikiwa: umbali wa robo tatu ya nguvu zako unafika kwenye mfereji wako, na mrusho wa arobaini unafanana na wa kumi.

## Kabla hujafunga ndoano

Hakikisha mahali panaruhusiwa. Kenya, ndani ya hifadhi za taifa za bahari kama Watamu, Malindi, Mombasa na Kisite hakuvuliwi kabisa. Tanzania, visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini mbele ya Dar viko ndani ya maeneo tengefu. Habari za leseni, uliza ofisi ya uvuvi ya eneo lako.

Ukirudi nyumbani, suuza fimbo kwa maji baridi ikiwa imefunguliwa, hasa kwenye maungio na miguuni mwa pete, ambako chumvi hukaa. Ikikataa kufunguka, usiizungushe kwa koleo. Muite mtu, kila mmoja ashike mkono mmoja upande huu wa ungio na mmoja upande ule, mvute kwa mstari ulionyooka, mara moja, kwa pamoja.